Ngoma Zisizopoa

Mama alipomzika wa mwisho katika wenzake wa ngoma, alikuja mjini kukaa kwangu, na akaacha kuzungumza. Sisemi alinuna. Akisalimiwa aliitikia, akiulizwa kama amekula alisema amekula. Lakini mazungumzo yenyewe, yale ya mtu kuanzisha jambo bila kuulizwa, aliyaacha kijijini Mvumi pamoja na mbuzi wake. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Area D, mtaa wa Dodoma mjini, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi. Cha kulala nikampa yeye, mimi nikawa nalala chini ya meza ya kompyuta, kichwa jirani na nyaya.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza muziki. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo: redio za watu binafsi, maduka yenye kila kitu, kompyuta zilizokwisha kuchoka Ulaya zikaletwa kumalizia uchovu wao kwetu. Zamani kijana wa Dodoma akitaka kurekodi wimbo ilibidi aende Dar es Salaam akabembeleze watu. Sasa alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema anataka biti kama zile za Marekani. Wote walitaka za Marekani. Jambo hilo liliniudhi tangu siku ya kwanza, ila hasira hasara, nikawapa walichotaka.

Vyombo vyote vilikuwa ndani ya diski. Mtu fulani huko ng'ambo alimkalisha mpiga fidla mbele ya maiki, akamwambia apige sauti moja, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Akazikata moja moja na kuzipanga. Mimi huku nikibonyeza kibodi, fidla inalia chumbani kwangu na mwenyewe hayupo. Tuliziita sampo. Kuzitafuta ilikuwa nusu ya kazi. Diski zilitoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu aliyenakili kwa mwingine, na folda nyingi hazikufunguka. Ukienda kuzipakua kwenye kibanda cha intaneti, unashinda hapo mchana mzima ukiisubiri tarumbeta moja, na ikikaribia kumalizika umeme unakatika. Hata hivyo nilikuwa nazo nyingi, na nilijivunia kama mtu mwenye zizi lililojaa ng'ombe.

Alasiri moja nilikuwa namtengenezea karani mmoja kijana wimbo wa harusi yake. Nikafungua folda iliyoandikwa kwamba ni ngoma za Afrika, nikapanga mapigo, nikaongeza sauti. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mlenda mkavu. Mikono yake ikasimama. Akaniuliza hao wanaopiga ni akina nani. Nikamwambia si watu, ni kompyuta. Akasema kompyuta haina mikono, na yeye hapo anasikia mikono. Ikabidi nikubali kwamba ni watu kweli, watu wa Afrika Magharibi, walipigia huko kwao zamani. Akauliza wamekuja lini. Karani akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu mazishi.

Kisha akauliza lile alilokuwa analitaka.

"Na wangu hawamo humo?"

Nikamwambia hawamo. Akarudi kwenye mlenda wake, na mimi nikamalizia wimbo wa karani vibaya.

Wenzake hao walikuwa wanne, yeye wa tano. Walipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke anasimama, anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja. Ngoma moja peke yake haisemi kitu. Kila mmoja ana sehemu yake, anaiingiza pale mwenzake alipoacha nafasi, na ule wimbo unatokea katikati yao. Nilipokuwa mtoto waliitwa kumpokea kila mgeni mkubwa aliyeshuka Dodoma. Walisombwa kwa lori, wakapiga juani, wakapewa soda, wakarudishwa. Baadaye wageni wakaanza kupokewa kwa maspika. Wakabaki na harusi, unyago na sherehe za mavuno, kwa miaka iliyokuwa na mavuno.

Halafu wakaanza kufa. Aliyekuwa anaongoza kwa ngoma kubwa alianguka shambani, wakasema presha. Mke wa fundi baiskeli na mkunga wa kijiji waliondolewa na ugonjwa ambao miaka hiyo tuliuita kwa kila jina isipokuwa lake. Wa mwisho alikuwa mama mdogo, dada yake mama wa tumbo moja. Kwa desturi ngoma ya mwanamke huchukuliwa na binti yake, au binti wa ndugu yake. Mama mdogo hakuzaa. Mama alinizaa mimi tu, mwanamume, na ngoma ile sikuwahi kuibana hata kwa mchezo, maana bibi angenichapa. Kwa hiyo mama alikuwa na ngoma nzima, mikono mizima, na hakuna wa kupiga naye wala wa kumwachia. Nilipoelewa hivyo nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Nikamwambia wenzake siwezi kumletea, lakini ngoma zao huenda zipo. Tukizipata, nitazinasa kama wale wa ng'ambo walivyomnasa mpiga fidla, nitazipanga kwenye kibodi, na yeye atapiga nazo. Akauliza kama wale wa Afrika Magharibi wako hai. Nikasema sijui. Akasema basi twende.

Rafiki yangu mmoja mwandishi wa habari aliniazima kinasa sauti chake cha betri na maiki, tukaenda Mvumi. Ilikuwa kiangazi, upepo umepiga nchi mpaka imebaki vumbi na miiba. Ngoma ya mama mdogo haikuwa na tabu, ilikuwa nyumbani kwa mama, imelazwa kando ya ya kwake. Zile nyingine ndizo zilizotutesa.

Ngoma kubwa tuliikuta kwa mtoto wa marehemu. Ilikuwa imegeuzwa chini juu na ndani yake kuku ameatamia mayai. Mwenye nyumba alitaka kumtoa kuku. Mama akamkataza. Akasema marehemu alipenda sana kuku na asingefurahi, akamsalimia kuku mwenyewe kwa Kigogo, "Mbukwa," tukaondoka. Tulirudi vifaranga walipokwisha kutoka. Ya mke wa fundi baiskeli ilikuwa darini, na ngozi yake imeliwa na panya. Ikabidi tuwambe mpya. Mama alisema huyo sasa amevaa nguo ya kuazima, lakini mwili ni wake. Ya mkunga ilikuwa kanisani. Familia iliwapa wanakwaya, na wanakwaya walikuwa wakiipiga kwa fimbo. Walitupokea vizuri sana, wakatuletea na viti. Mama aliishika ile ngoma, akapapasa pale fimbo zilipochubua ngozi.

Sasa niseme juu ya moto, kwa sababu bila moto haya mengine hayaeleweki. Ngozi ya ngoma hulegea. Ili ilie, unawasha moto wa mabua au nyasi kavu, unaielekeza ngozi kwenye joto, unaipapasa, unaisikiliza, mpaka ikaze. Hapo inatoa sauti kali, safi. Kisha inapoa, sauti inashuka, inakuwa nzito na mbovu. Wanaosema ngoma ikivuma sana hupasuka, nadhani hawajaishika ngoma. Mimi niliyoyaona ni kwamba ikivuma sana hupoa. Na zikianza kupoa, kiongozi anatoa ishara, wote wanaacha, wanakwenda motoni. Kule motoni ndiko yalikozungumzwa mambo yote: nani kaolewa, nani kapigwa, mkwe wa nani hana adabu. Mama aliwahi kuniambia kuwa wanaume walidhani wake zao wanatoka nyumbani kwenda kupiga ngoma. Kumbe wanawake walikuwa wanakwenda motoni.

Tulinasia nyuma ya nyumba ya mama, upepo ulipotulia. Nilikuwa nawasha mabua, yeye anapasha, kisha tunakimbia kwenye maiki kabla ngozi haijalegea. Katikati, pembeni, kiganja kilichobana, kiganja kilichoachia. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba hakupiga kwa mkono wake. Alipoibana ngoma kubwa aliuinua mkono juu na kuuacha udondoke, akasema yule hakupenda kuhangaika. Ya mke wa fundi baiskeli aliigusa kwa ncha za vidole, akisema yule alijiona mzuri na hakutaka kukunja uso. Ya mkunga aliipiga kwa nguvu. Alipofika kwenye ya mama mdogo akapiga mara moja, akaacha, akaniambia huyu alikuwa anachelewa kidogo, tangu utotoni, hata kuitwa alikuwa anachelewa. Akajaribu kuchelewa kama dada yake na hakuweza. Ilibidi tuipashe tena na tena.

Nilimwomba tunase na ya kwake. Akasema yeye yupo, ananaswa kwa nini.

Tulirudi mjini na ngoma ya mama peke yake, na kule Area D nilizikata sauti zile moja moja. Nilifanya kazi kama sijawahi kufanya. Wateja wakawa wanagonga mlango nawajibu nipo msibani, na haukuwa uongo wa kutisha. Nilichagua kila pigo lililokuwa kali na safi, lile la ngozi iliyotoka motoni sasa hivi, na yale yaliyonaswa ngozi imeanza kulegea niliyafuta. Ndivyo kazi ilivyotaka, fundi yeyote angefanya hivyo. Kisha mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawa ananitajia sehemu za kila mmoja kwa mdomo, na mimi nazipanga kwenye kioo cha kompyuta, kijisanduku baada ya kijisanduku. Alinisahihisha bila huruma. Alisema namfanya mkunga apige kama mtu anayefukuza ndege shambani. Nilicheka, na yeye akacheka, na nikafikiri kwamba tayari nimemrudisha.

Jumamosi moja asubuhi umeme ukawepo. Mama alioga, akajifunga khanga mbili, akavaa shanga zake. Nikamwashia moto wa mabua uani, majirani wakachungulia, akaipasha ngoma yake mpaka akaridhika. Tukaingia ndani. Nikawasha spika zote mbili, moja kila upande, na nikabonyeza.

Waliingia mmoja mmoja kama alivyonifundisha: ngoma kubwa kwanza, kisha mkunga, kisha mke wa fundi baiskeli, na mwisho mama mdogo, ambaye nilimchelewesha kidogo kwa kumsogeza kulia kwenye kioo. Mama alifumba macho. Akaisikiliza ile nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake, akaingia.

Sijui niielezeje furaha yangu. Nilikuwa natazama mgongo wa mama yangu na mabega yake yakienda, na chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Nilitaka kulia na nikalia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama.

Ngoma yake ikaanza kupoa. Nilisikia kabla sijaona; sauti yake ikashuka kidogo, ikawa nene. Mama akafungua macho, akageukia spika ya kushoto, ile iliyotoa ngoma kubwa, akawa anaitazama huku anapiga. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anangoja ishara. Ngoma kubwa ikaendelea vilevile, kali, safi, imetoka motoni sasa hivi. Akageukia spika ya kulia. Zote zilikuwa hivyo. Akaongeza nguvu ili ya kwake isipotee katikati yao, jasho likamtiririka, na ngozi ikazidi kulegea mpaka ikawa kama anapiga godoro. Wale wanne hawakumwona. Hawakupunguza, hawakuongeza. Mwishowe akaacha. Akaibeba ngoma yake akatoka nayo mpaka kwenye majivu uani, akachutama, akaielekeza ngozi kwenye joto lililobaki. Akakaa hivyo peke yake, akigeuza kichwa kuelekea mlangoni, na ndani wale wanne wakiendelea kupiga na nafasi yake ikiwa wazi.

Nilizima. Nikatoka.

"Mbona hawapoi?" akaniuliza.

Nikajieleza haraka haraka kama fundi aliyeharibu nguo ya mtu. Nikamwambia hilo ni dogo, naweza kuwashusha sauti polepole, naweza kuwafanya wapoe baada ya muda wowote anaoutaka, naweza hata kuwasimamisha ili apumzike. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana, nikiwashusha ni mimi nimewashusha, na wao hawatakuja motoni hata hivyo. Kisha akasema, bila ukali wowote, akiwa bado anaipapasa ngozi:

"Nilikuwa nimewazika, baba, lakini nilikuwa sijaamini. Sasa naamini."

Kama angelia ningejua la kufanya. Hakulia. Alizima majivu kwa mchanga, akaingia ndani, akaendelea na mlenda wake. Niliumia sana siku ile, na niliichukia kompyuta yangu kama mtu anavyomchukia mbwa aliyemuuma mgeni.

Kuanzia hapo alirudi kuzungumza, jambo ambalo sikulitarajia. Alizungumza na majirani, alienda kuwasalimia watu wake waliohamia Nzuguni, aliuliza bei ya karanga. Lakini alikuwa akizungumza kama mtu anayefunga mizigo. Aliniambia mbuzi gani ni wa nani. Aliniambia nguo zake wapewe akina nani. Ngoma za wenzake, tulizoziacha nyumbani kwake Mvumi, alikwenda akazirudisha mwenyewe kila moja ilikotoka, hata ile ya kanisani, na ile kubwa akamrudishia kuku. Nilimtania kwamba anaharakia wapi, treni ya Kigoma bado haijaingia.

Kabla hajarudi Mvumi moja kwa moja, aliingia chumba cha kazi na ngoma yake, akaiweka mbele ya maiki.

"Ichukue na yangu."

Nilifurahi. Nikatoka mbio kwenda kutafuta mabua. Akaniita nirudi, akasema nisiwashe moto. Nikamweleza kwamba ngoma ikiwa baridi inatoa sauti nzito, haitaingiana na za wenzake hata kidogo, itakuwa kama mtu amekosea chumba. Akasema anajua inavyolia ikiwa baridi, ameipiga tangu kabla sijazaliwa. Nikabisha tena. Nilitaka iwe nzuri, nilitaka niwe nayo ikiwa nzuri. Hapo akaniwekea mkono begani, kitu ambacho mama yangu hakuwa na mazoea nacho.

"Ukiipasha moto, siku moja utabonyeza hapo utadhani nipo."

Akapiga. Katikati, pembeni, kiganja kilichobana, kiganja kilichoachia. Nilinasa kila pigo kama lilivyokuwa, na safari hii sikufuta hata moja.

Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijanyesha, kwenye kitanda chake Mvumi, mchana, watu wakiwepo. Msibani wanawake waliimba, lakini hapakuwa na wa kupiga muheme. Binamu mmoja alinivuta pembeni akanikumbusha kwamba mimi ninazo zile ngoma kwenye mashine, kuna mtu ana jenereta, nizilete. Nilimwambia zimeharibika.

Nimebadilisha kompyuta mara nyingi tangu wakati ule, na kila mara folda ile huwa ya kwanza kuhamishwa. Mambo nayo yamegeuka. Vijana wanaokuja sasa wanataka sauti za nyumbani, za asili, wanazitafuta kila mahali kama wenzao wa zamani walivyozitafuta za Marekani. Nawapa wale wanne. Wanawasikia, wanashangaa sauti zilivyo safi, wananiuliza nilizipata wapi. Ya tano siwapi. Mmoja aliifungua kwa bahati mbaya nikiwa nimetoka, nikamkuta anajaribu kuirekebisha ipande ilingane na nyingine. Nikamtoa mkono kwenye kibodi kwa ukali ambao yeye hakuuelewa.

Kuna siku huwa naibonyeza peke yangu. Inatoka ngozi iliyolegea, nzito, haina mwangwi, na inakwisha hapohapo. Mama alipanga vizuri. Kwa miaka yote hii nimeibonyeza nikitaka kudhani yupo, na sijaweza hata mara moja.